Alto ya Miaka Mia Moja Kwenye Unyevu wa Tanga

Saksafoni hii ya alto ilifika imeviringishwa kwenye mablanketi mawili ya mtoto na suruali ya jinzi, ndani ya begi la mdogo wangu aliyekuja likizo kutoka Ohio. Kasha lake alilitupa hukohuko kwa sababu lilikuwa linanuka uvundo. Nilimlaumu. Kisha nikainusa saksafoni yenyewe, nikamsamehe.

Alto nilikuwa nayo tayari, ya Kichina, inang'aa kama bati jipya, na kwa miaka minane imenilipia ada za watoto kwenye harusi za Tanga, Muheza na Korogwe. Sina ubaya nayo. Ila nikisikiliza rekodi za zamani, NUTA Jazz, au OK Jazz ya miaka ya 1960 wakati mpiga saksafoni Verckys yumo, nasikia saksafoni yenye kifua. Pumzi unaisikia humohumo ndani ya noti, kama mtu mzima anayeongea bila haraka. Yangu ilikuwa inapigana na gitaa, na mara nyingi gitaa lilishinda.

Nikaanza kutafuta ya zamani. Kila mtu atakutajia Selmer Mark VI, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1954. Nzuri, sibishi, lakini bei yake unanunua Vitz. Nikashuka kwenye zile za Marekani za miaka ya 1920, wakati nchi nzima ilipopandwa na wazimu wa saksafoni na viwanda vya mji mmoja tu, Elkhart huko Indiana, vikazimwaga kwa maelfu. Kwa kuwa ziko nyingi, bei zake ni za kibinadamu. Yangu ni Buescher True Tone, imepakwa fedha, na ndani ya mdomo wake mpana wa mbele kuna rangi ya dhahabu iliyofifia. Nililipa dola 350, bila kipulizio, na maelezo ya muuzaji yalikuwa mafupi: "haipigi".

Nilikaribia kununua nyingine kabla ya hiyo, ya bei nafuu zaidi, na nashukuru nilichelewa kutuma hela. Siku hizo za mwanzo wa karne ya 20 Marekani kulikuwa na mifumo miwili ya kupanga sauti. Mmoja ni huu tunaoutumia, ambapo noti ya A ni mitetemo 440 kwa sekunde. Mwingine uko juu zaidi, karibu 457, uliopendwa na bendi za tarumbeta. Saksafoni iliyotengenezwa kwa huo wa juu haitakaa sawa na kinanda hata uvute kipulizio mpaka kianguke, kwa sababu matundu yenyewe yametobolewa kwa hesabu nyingine. Kwenye Buescher unageuza mgongo, unaangalia chini ya namba: kama pameandikwa LOW PITCH, yaani mfumo wa chini, uko salama. Ile ya kwanza haikuwa na maneno hayo. Mtego mwingine ni ile inayoitwa C Melody, ambayo wauzaji wengine wanaiita alto kwa kutojua au kwa kujua sana. Ni kubwa kuliko alto na iko kwenye C. Rafiki yangu anayo, ameiweka sebuleni, inapendeza.

Sasa kazi. Pale Tanga kuna mzee mstaafu wa bendi ya polisi ambaye ndiye hutengeneza vyombo vyetu vyote vya kupuliza. Nilimpelekea, nikamwamkia, akaipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa kuogeshwa. Akaigeuzageuza bila kusema. Kisha akabonyeza kitufe kimoja, akachungulia ndani, akaniambia, "Mwanangu, hivi vijichuchu vya katikati lazima tuvikate."

Hapo ndipo nilipopata ujasiri ambao sikujua ninao. Niseme kwanza hivyo vijichuchu ni nini. Kila tundu la saksafoni linafunikwa na kikombe cha shaba, na ndani ya kikombe kuna kitambaa kizito kilichovikwa ngozi nyembamba ili pasipite hewa. Mafundi huviita pedi, na ndiyo maana sivitaji kwa sauti nikiwa dukani. Kwa kawaida pedi hugandishwa kwa lakiri. Buescher walikuwa na akili yao: katikati ya karibu kila kikombe waliweka kijiti kifupi cha shaba, pedi ikatobolewa katikati, halafu kisahani kidogo cha chuma kinabanwa juu ya kijiti, tap, kama kifungo cha koti. Hakuna gundi. Pedi ikichakaa unabandua kwa kucha. Mafundi wengi duniani wamevikata vijiti hivyo ili waweke pedi za kawaida, na ukishakata hakuna kurudi.

Nikamwambia, "Mzee, samahani, tusikate." Akanitazama muda mrefu kidogo. "Basi utanitafutia visahani," akasema, "maana vitatu havipo."

Visahani vile havipo Tanga, na nina shaka kama vipo Dar. Nilikwenda kwa sonara. Alizoea kupelekewa bangili zilizokatika, mimi nikampelekea kisahani kimoja kizima nikamwomba vitatu mfano wake, vyenye kubana kwa nyuma. Cha kwanza kililegea, cha pili kikagoma kuingia. Siku ya nne alivitoa vyote vitatu kwenye kikopo cha filamu ya picha, akanitoza bei ya kurekebisha hereni. Pedi zenyewe aliniletea mdogo wangu safari iliyofuata, nyembamba, kwa sababu nilishapata funzo: pedi nene ikifunga hugusa kwanza upande wa bawaba, na upande wa mbele unabaki wazi unapumua. Matundu ya katikati ya pedi yalitobolewa na fundi viatu kwa ile pini yake ya kutobolea mikanda. Dakika kumi, pedi zote.

Springi ndizo zilizotutesa. Hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na springi za saksafoni hizi ni sindano nyembamba za chuma hasa. Nyingi zilikatika tulipozigusa tu. Mzee akachukua sindano za kushonea, akazipasha kwenye moto wa mshumaa mpaka zikageuka buluu ili zisikatike kama kioo, akaponda ncha moja, akazipachika. Nilikaa pembeni nikimshikia taa. Kupima uvujaji tulifanya usiku, umeme umezimwa makusudi: taa ndogo inaingizwa ndani ya mwili wa saksafoni, unafunga vitufe, unatafuta mwanga unaochungulia. Panapobaki shaka unaweka kipande cha karatasi ya sigara chini ya pedi, unafunga, unavuta. Kikishikwa sawasawa pande zote, pedi imekaa. Tulirudia kwenye kila tundu, na mke wa mzee akatuletea chai mara tatu bila kuuliza lolote.

Wiki ya saba ikapiga. Vibaya. Nilikuwa nimeivalisha kipulizio changu cha kila siku, chenye koo jembamba, kinachochoma masikio, kizuri kwa kupambana na spika. Noti za juu zikapanda, za chini zikashuka, na B ya chini ikawa inakoroma kama boti ya injini inayogoma kuwaka. Niliamini nimetupa hela. Kumbe zana za enzi ile zinataka kipulizio chenye tumbo kubwa la mviringo, kama alivyokusudia mvumbuzi wa saksafoni, Adolphe Sax mwenyewe, alipopata hati yake Paris mwaka 1846. Sigurd Rascher, mpiga saksafoni Mjerumani aliyehamia Marekani na kupiga Buescher kwa miaka mingi, alilisisitiza jambo hilo mpaka watu wakamwona mkorofi. Nilipopata kipulizio cha namna hiyo, sauti zikajipanga zenyewe. Mkoromo uliobaki niliutibu kwa kizibo cha chupa ya mvinyo, nikakidumbukiza kwenye kona ya chini ambako bomba linapinda. Msicheke. Jaribuni.

Mtaniuliza inapendeza wapi, maana kwa mkono inachosha. Vitufe vya kidole cha mwisho cha kushoto ni vidogo na vigumu. F ya mbele haipo, kwa hiyo ile njia ya mkato ya kurukia noti za juu sina, napita uchochoroni. Lakini nikipiga taratibu, chini, nyuma ya mwimbaji, sauti haitoki mbele ya watu, inaenea. Inaingia kwenye nyufa za wimbo. Mpiga besi wetu, ambaye hajawahi kunisifu, aliuliza kama nimebadilisha maikrofoni. Na kuna hili jingine: nikiipiga najua kila springi imetoka kwenye pakiti gani ya sindano na kisahani kipi kilipitia mikono ya sonara. Ile ya Kichina nilikuwa naipuliza tu.

Mzee alikataa malipo kamili. Alichofanya ni kukaa nayo siku tisa zaidi ya tulizokubaliana, akisema bado anapima. Jirani zake waliniambia alikuwa anapima kila jioni baada ya magharibi, hasa nyimbo za gwaride.

Haijawa chombo cha kuaminiwa kwa upofu. Masika yakiingia, pedi ya G sharp inanata, na springi yake ni dhaifu kwa asili, kwa hiyo kabla ya kupanda jukwaani naipitishia karatasi. Juzi Jumamosi nilisahau. Wapiga gitaa wanapenda E kwa sababu nyuzi zinajipiga zenyewe. Kwa alto, ambayo majina ya noti zake hayalingani na ya gitaa, hiyo ni C sharp, yenye alama saba, na G sharp ndiyo noti unayoikanyaga kila hatua. Nikaingia kwenye solo, nikabonyeza, kitufe kikashuka, kikombe kikabaki kimefungwa. Ikatoka G tupu, katikati ya harusi ya watu, kwa nguvu. Mwimbaji aligeuka akanitazama. Nikamwonyesha kitufe. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ubeti, nami nikakibandua kwa ukucha nikamfuata.