Dirisha la kutokea

Nyumba nyingi za Ngamiani, hapa Tanga, zina ramani moja: korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele wa barabarani na wa nyuma wa kwenda uani. Mchana zinapitisha hewa vizuri. Usiku milango yote miwili inapigwa kufuli, madirisha yana nondo, na ndani tumelala mume wangu, mama mkwe, watoto na mimi. Moto ukianzia koridoni, tunatokea wapi? Nilianza na swali hilo kabla ya kuwaza gesi na nyaya, na mpaka leo naliona ndilo la kwanza. Katika moto wa nyumba, moshi huua watu wengi kabla moto wenyewe haujawafikia, na korido ndiyo njia yake ya kuingilia vyumbani.

Nikamwendea mwenye nyumba kumwomba nondo za vyumba vya kulala ziwe za kufunguka. Akaniambia, "Mwanangu, pa kutokea wewe ndipo pa kuingilia mwizi." Hofu hiyo ni ya kweli, wezi wapo. Basi nikamwita fundi wa kuchomelea, tukasimama wote dirishani. Fundi alieleza kwamba atazikata nondo zitoke kama mlango mmoja, atie bawaba upande huu na komeo upande ule, kwa ndani, bila kufuli. Kisha kuzunguka komeo atachomelea kipande cha bati nene ili mkono wa mtu wa nje usilifikie. Alipomaliza dirisha la kwanza, mzee mwenyewe alizunguka nje, akapenyeza mkono, akahangaika nao weee, hakulipata. Akasema, "Haya, na mengine yafanyeni."

Mama mkwe ana maumivu ya vidole, kwa hiyo komeo la chumbani kwake liliongezewa mpini mrefu wa kusukuma kwa kiganja. Kitanda chake tulikiondoa dirishani. Wavu wa mbu uliokuwa umepigiliwa misumari tuliutilia fremu inayosukumika. Na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari kuna jambo la ziada: hewa ya chumvi inakula chuma. Komeo usiloligusa litashika kutu ligome siku ya shida, kwa hiyo kila mwezi tunalipaka grisi, na anayelifungua na kulifunga ni mwanangu mkubwa, ili mkono wake ulizoee.

Funguo za milango sasa zinatundikwa msumarini kando ya mlango, mahali ambapo mtu wa dirishani hazifikii. Hakuna anayelala nazo chumbani.

Halafu tukafanya mazoezi, taa zimezimwa. Tambaa, maana moshi hupanda juu na hewa nzuri kidogo inabaki chini. Gusa mlango kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto usiufungue, geukia dirisha. Mara ya kwanza mdogo wao aliingia uvunguni. Watoto wakiogopa hujificha uvunguni au kabatini, na mwokoaji anaweza kupita asiwaone. Tulirudia bila kumkaripia mpaka akawa anakwenda dirishani mwenyewe. Tunakutana kwenye mwarobaini ng'ambo ya barabara, tunahesabiana, ndipo tunapiga 114 ya Zimamoto. Anayetoka harudi ndani.

Hapo kwenye kutorudi ndipo mama mkwe alipogoma. "Sanduku langu nitaliachaje?" Ndani mna hati ya shamba, vyeti na picha za marehemu baba. Sikutaka kumlazimisha. Tulitoa nakala za kila kitu, na zile za asili akampa wifi yangu wa Chumbageni amtunzie. Sasa anatoka mikono mitupu bila kinyongo.

Mengine hayakunisumbua sana. Mtungi wa gesi umehamia uani, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Mpira wake naukagua kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mafuta yakiwaka kikaangoni ni kuzima jiko na kufunika, maji hapana. Friji ina soketi yake ukutani, haiko tena kwenye ekstensheni pamoja na birika. Vibatari vimeisha, tunatumia taa za sola. Na umeme ukikatika mtu anapiga pasi, anaichomoa papo hapo, kwa sababu unaweza kurudi wote tumetoka na pasi imelala juu ya nguo.

Kimebaki chumba cha mbele cha mpangaji mwenzetu, nondo zake bado ni za kuganda. Mzee ameshakubali, na fundi ameahidi kuja baada ya Idi.