Kidato cha Shubiri Moja

Jana jioni nilimuuliza binti wa kaka yangu goti linamuuma wapi hasa. Hakunyoosha kidole. Alifungua kiganja akakizungusha juu ya pia ya goti, mara mbili, kama mtu anayefuta meza. "Hapa hapa, shangazi. Pote."

Nikaacha nilichokuwa nakifanya. Ishara ile naijua. Niliifanya mimi mwenyewe miaka 9 iliyopita, mbele ya mama mmoja aliyekuwa akiutazama mkono wangu kuliko goti lenyewe, akasema, "Wengi wenu huonyesha hivyo."

Alikuwa mtu wa tatu kumwendea. Wa kwanza aliniandikia vidonge na kuniambia nipumzike. Wa pili alinipiga eksirei, hakuona kitu, akasema magoti ya wanawake ndivyo yalivyo, nipunguze mwili na niepuke ngazi. Nami nikatii. Nikaacha kutembea asubuhi, nikaacha kuchuchumaa, nikawa nashuka ngazi kwa upande huku nimeshika ukuta. Nikikaa muda mrefu goti lilichoma kwa ndani mpaka ninyooshe mguu. Miezi 14 nilipumzika hivyo. Paja la kulia likanywea hata mguu mmoja wa suruali ukawa unapwaya. Maumivu yale nimeshayasamehe. Miezi ile 14 bado sijaisamehe.

Yule mama wa tatu alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Alinipapasa, akanikunja, akanikunjua, kisha akaniambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia: kwamba eksirei kuwa safi hakuyafanyi maumivu kuwa ya kubuni, na kwamba goti kuuma si lazima liwe linaharibika. Akasukuma kiboksi cha mbao mbele ya kioo kirefu. Kimo chake hakikuzidi shubiri.

"Panda, dada. Simama kwa mguu huo unaouma. Huo mwingine ushushe taratibu mpaka kisigino kiguse sakafu, halafu urudi juu."

Nilipanda. Nikasimama. Sikushuka.

Nikiandika hapa naonekana naeleza kitu kidogo, na kweli ni kidogo: sakafu ilikuwa pale pale chini, mtoto wa miaka miwili angeruka. Lakini mwili wangu ulikuwa umejifunza kwamba mwendo ule ndio unaoumiza. Nilihisi paja likitetemeka kabla halijabeba chochote. Niligeuza shingo kumtafuta yule mama, nikitarajia atanishika, maana ndivyo ilivyokuwa nyumbani, kila mtu alikuwa akinikimbilia kunishika. Alikuwa amesimama nyuma yangu, hatua moja tu, mikono ameifungia mgongoni. Hakuniambia nisiogope. Alisema, "Tazama kioo, usinitazame mimi."

Nikatazama. Nikakunja goti, nikaanza kushuka, na nikaliona kwa macho yangu: goti lilikuwa linakimbilia ndani, kuelekea mguu wa pili, na nyonga ya upande wa pili inazama. Halikuwa linakunjika kwenda mbele kama nilivyodhani siku zote. Maumivu yakaja, yale yale, nyuma ya pia. Kisigino kikagusa. Nikarudi juu kwa kujisukuma, jasho limenitoka mgongoni kama niliyekimbia.

"Sasa rudia," akasema, "ila goti lielekee kidole cha pili cha mguu, na kaza kalio."

Mara ya pili goti lilitulia. Liliuma, sitasema uongo, ila maumivu yalikuwa kama nusu tu ya yale ya kwanza. Nilibaki juu ya kile kidato nikijitazama. Sijui nilisimama kwa muda gani. Yeye hakunihimiza.

Baadaye ndipo akaeleza. Pia ya goti hupita kwenye mfereji mbele ya mfupa wa paja, na misuli ya paja ndiyo inayoivuta. Paja likizunguka kwenda ndani, mfereji wenyewe unahama chini ya pia, na mgandamizo unaangukia sehemu moja. Anayelizuia paja lisizunguke ni nyonga na makalio. "Kwako wewe goti linalia, lakini uzembe uko juu." Alisisitiza hilo "kwako wewe", si kila mwanamke mwenye maumivu haya goti lake huingia ndani, na yeye huwapima mmoja mmoja. Akanieleza pia kwa nini ngazi zilikuwa zinanitesa: kwenye tambarare pia inabanwa kwa nguvu ya kama nusu ya uzito wa mwili, kwenye ngazi ni kama mara tatu ya uzito, na ukichuchumaa mpaka chini hufika mara saba. Misuli isipobeba sehemu yake, pia inabaki na mzigo wote. Ndiyo maana kupumzika kulinipa nafuu ya wiki na kunidhoofisha kwa mwaka.

Mengine yalikwenda haraka. Wiki 12, mara tatu kwa wiki: kulala ubavu na kuinua mguu, kulala chali na kuinua nyonga, kutembea kama kaa nikiwa nimezungushiwa mpira juu ya magoti, kuchuchumaa nusu, na kile kidato. Wiki za mwanzo alinibandika plasta kuzunguka pia ili maumivu yapungue nipate kufanya mazoezi. Alisema wazi kwamba plasta haitibu. Kanuni ilikuwa moja: kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasipite 3, na kesho yake yawe yametulia. Wiki ya nne nilizidisha, goti likawaka, nikadhani mazoezi yameishia hapo. Alikata idadi kwa nusu. Hakunisimamisha.

Wiki ya tisa nilishuka ngazi nikiwa nimebeba nguo za kufua kwa mikono yote miwili, na nilikuwa nimefika chini ndipo nikakumbuka kwamba sikushika ukuta.

Halijapona lote. Goti bado linakwaruza nikiinuka, na nikikaa muda mrefu hunikumbusha. Nikiacha mazoezi mwezi mzima, ngazi zinaniambia. Na kuna jambo silijui hadi leo: kama kilichoniponya ni misuli ya nyonga, au ni ile mikono iliyofungwa mgongoni. Pengine vyote. Nimejaribu kuvitenganisha nikashindwa.

Basi jana nilimpeleka yule binti kwenye kidato cha chini cha ngazi. Nilimwambia atapimwa na mtu anayejua, wiki hii hii, si baada ya miezi, na kwamba asikubali kuambiwa apumzike bila kuambiwa afanye nini. Kisha, kwa kuwa nilitaka kuona, nikamwomba asimame kwa mguu mmoja ashuke taratibu. Nikasimama nyuma yake. Nilikuwa nimeshaazimia kuweka mikono nyuma.

Paja lake likaanza kutetemeka, akageuza shingo kunitafuta. Kisigino chake hakijafika chini, nikawa nimeshamshika kiwiko.