Siku moja maishani mwangu: abiria wa kumi na nne

Saa 10:30 alfajiri. Wazo limeniamsha kabla ya saa ya mezani. Nakaa jikoni na rundo la karatasi za mtihani wa zamani, upande wa nyuma ziko tupu. Kazi yangu ni utafiti wa hisabati, na wiki tatu nimekwama pahali pamoja. Leo pamefunguka. Kufika saa 12 nina kurasa nne na sufuria ya chai imeungua. Ila nimejifunza kutoshangilia mapema. Usiku jikoni kila dai huonekana kweli.

Saa 1:15 asubuhi, taksi ya kutoka Bweyogerere kwenda mjini. (Taksi ya Kampala ndiyo matatu au daladala yenu.) Napokea simu, namaliza, mzee wa pembeni ananiuliza kama mimi ni mwanajeshi. Ni kwa sababu ya Kiswahili. Nimezoea. Nilikulia kambini Jinja, baba alikuwa askari, na hadi leo nahesabu kimoyomoyo kwa Kiswahili ingawa nafundisha kwa Kiingereza. Namwambia mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu yenyewe imo humu ndani.

Taksi hubeba abiria 14. Chukua watu 14 wowote: ama utapata watatu wanaofahamiana wote, ama watano ambao hakuna hata wawili wanaofahamiana. Lazima.

"Lazima kwa nini?" anauliza mzee.

"Tuseme humu hakuna watatu wanaofahamiana wote. Mtu akiwajua watano, hao watano hawajuani wao kwa wao, maana wawili wakijuana, pamoja naye ni watatu. Basi watano tumeshawapata. Kwa hiyo tuseme kila mmoja anawajua wanne, wasizidi. Mtoe mtu mmoja, watoe na wanne wake. Wanabaki angalau tisa asiowajua. Na katika watu tisa, ilishathibitishwa, hukosi ama watatu wanaojuana ama wanne wasiojuana. Watatu tumewakataa, basi ni wanne. Mrudishe yeye: watano."

"Na tukiwa 13?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Wakiwa 13 haishiki. Waketishe duara, kila mmoja amjue jirani wa kulia na wa kushoto, na yule wa tano kila upande. Hapo hupati watatu wala watano. Mzee anatikisa kichwa. "Sasa hiyo inalipa?" Kinacholipa ni kufundisha, mzee wangu.

Saa 3 nafundisha kalkulasi mwaka wa kwanza. Chaki hadi kwenye nyusi. "Dokta, hii itatoka kwenye mtihani?" Itatoka.

Saa 5:30 anakuja mwanafunzi wangu wa uzamivu. Tawi letu lilifunguliwa na Mwingereza Frank Ramsey, aliyefariki 1930 akiwa na miaka 26 tu, na bado lina maswali ya kitoto yasiyojibika. Ukitaka watano wanaojuana au watano wasiojuana, wanahitajika watu wangapi? Kinachojulikana ni kwamba jibu halipungui 43 wala halizidi 46. Basi. Mimi natafuta kikomo cha jumla kwa jamii fulani ya maswali ya namna hiyo, na kurasa zangu nne zinakishusha vizuri sana. Vizuri mno, kama ningekuwa na akili.

Anasoma kimya dakika ishirini hivi. Kisha kwa adabu zote: "Dokta, samahani. Tuweke tatu na tano hapa, tuone?"

Tunaweka. Inatoka 13, yaani eti watu 13 wanatosha.

Hakuna anayesema kitu. Asubuhi hiyohiyo nimemchorea mzee wa watu duara la watu 13! Tunarudi nyuma mstari kwa mstari, na kosa liko ukurasa wa pili: nilipowatoa wale anaowajua, nilisahau kumtoa mwenyewe. Kama yule bwana wa hadithi aliyehesabu punda wake akamsahau aliyempanda. Mwanafunzi anajitahidi asicheke. Namruhusu.

Saa 8 nakula rolex kwa kijana wa chapati pale getini (si saa ya mkononi, ni chapati iliyoviringishwa na mayai). Mama anapiga kutoka Jinja.

"Umekula?"

"Nakula, mama."

"Na hizo hesabu, bado hazijaisha?"

"Zilikuwa zimeisha asubuhi."

Mchana ni kikao, halafu maksi, halafu barua ya jarida moja kuniambia makala niliyotuma mwaka jana bado inasomwa.

Saa 12:30 jioni, stendi ya taksi. Tumekaa kwa joto, injini inanguruma, haiendi. Nimetoa karatasi na kalamu, najaribu kuona kama ukurasa wa tatu unaweza kusimama bila wa pili. Sehemu yake inasimama, labda robo. Konda amening'inia mlangoni.

"Bado mmoja! Bado mmoja tu!"

Nahesabu vichwa. Kumi na tatu. Nasogea dirishani kupisha nafasi, na mama mmoja mwenye kuku anaingia.