Vocha ilipokufa, nikajifunza ufundi simu

Nilianza kuuza vocha Wete, kisiwani Pemba, mwaka 2011, kwenye kibanda cha bati karibu na soko. Siku hizo vocha zilikuwa kadi za kukwangua, na laini iliyotawala kwetu ni Zantel. Kwenye vocha ya 1,000 nilibakiwa na shilingi 50. Ni kidogo, lakini mtaa mzima ulipita kwangu: alfajiri wavuvi, jioni wanafunzi wa "nipe ya mia tano, dada", na usiku mtu anagonga dirisha kwa sababu ana mgonjwa na simu haina salio. Msimu wa karafuu, bunda la asubuhi halikufika adhuhuri.

Biashara ilikufa polepole. Ikaja vocha ya kurusha, salio linatumwa kwa simu bila kadi, kisha watu wakajua kujinunulia wenyewe kwenye akaunti zao za simu: *150*02#, namba ya siri, kwisha. Palikuwa na bibi mmoja jirani ambaye nikimkwangulia na kumwingizia namba mimi mwenyewe, maana macho yake hayazioni tarakimu. Siku moja akaja kunambia, "Mwanangu, mjukuu wangu ananiwekea bando yuko huko huko Dar es Salaam." Nikamfurahia kwa dhati, lakini usiku ule sikulala.

Kampuni siwalaumu kwa hilo. Kadi ichapwe, ipande meli, ipite kwa muuzaji wa jumla ndipo ifike kwangu, na kila mkono ukate chake. Mteja akijinunulia, mikono yote hiyo haina kazi.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulinipa pumzi. Siku za mwisho kabla ya tarehe 20 Januari 2020 foleni ilitoka hadi barabarani, na wengine niliwarudisha na huruma kwa kuwa hawajapata namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Baada ya hapo, kimya. Nikajaribu uwakala wa pesa. Mtaji wangu wa floti, yaani pesa ya kuwahudumia wateja, ulikuwa mdogo, mteja wa laki tatu mmoja tu ananimaliza.

Njia niliiona kwa wateja wangu wanawake. Simu zao zikiharibika walizifungia kabatini. Nani amwachie fundi mwanamme simu yenye picha za harusini, watu hawana buibui wala mtandio? Nikasema hii ndiyo kazi yangu. Nikaenda Chake Chake kwa binamu yangu, fundi wa miaka mingi, nikakaa naye miezi mitatu. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kushika hita, mashine ya hewa moto ya kuyeyushia risasi. Nilifungua simu mbovu na kuzifunga, nikipanga skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio wa zilivyotoka, maana skrubu ndefu ukiitia pa fupi unatoboa bodi.

Sasa kinachonilisha ni sistimu ya chaji, yaani tundu la kuchomekea chaji. Kisiwani hapa chumvi haina huruma: unafungua simu ya mvuvi unakuta vijipini vimeota kutu ya kijani. Naipitisha spiriti kwa mswaki laini, naiacha ikauke sawasawa, ndipo naipima. Simu nyingi hupona hapo hapo bila spea. Nawaomba sana, simu ikiingia maji ya bahari izimeni, msiichomeke kwenye chaji wala msiifukie kwenye mchele. Mchele hautoi chumvi. Vioo naagiza Darajani, Unguja, vinakuja na meli, na bei namwambia mteja kabla sijafungua.

Nimeweka benchi ndani, nyuma ya pazia, mteja akae aione simu yake muda wote. Juzi alikuja mama wa Gando na simu aliyoifungia tangu Ramadhani. Betri ilikuwa imevimba, nikaibadilisha. Ilipowaka akatafuta picha ya marehemu mamaake, akanipa niione, kisha akaniuliza kama naweza kumtolea kwenye karatasi.

Nimeshaulizia bei ya printa.