Wiki ya tisa: fulana imekubali kuvaa

Hatimaye. Jana usiku, saa nne kasoro, nimevalisha dazeni nzima ya fulana nyeupe kwenye paleti, ule ubao bapa wa mashine unaoishika fulana ikipigwa rangi, nikaziprinti rangi moja na kuzitoa, peke yangu, kwa dakika kumi na tatu, na hakuna hata moja iliyopinda. Najua wapo wenzangu wanaofanya hivyo huku wameshikilia simu kwa bega. Mimi imenichukua wiki tisa za kuprinti fulana kwa skrini, hasara ya fulana kumi na saba, na aibu moja mbele ya watu.

Nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii nitaeleza kikaushio cha rangi ninachokiunga kwa mabati. Kipo pembeni, kimefunikwa gunia. Kitasubiri.

Tuanze na aibu. Oda ilitoka kwa klabu ya joging ya huku kwetu Temeke: fulana 150 nyeusi, nembo ya duara kifuani, rangi mbili, nyeupe na njano. Rangi zenyewe hazikunisumbua. Nyeupe ilikaa vizuri juu ya nyeusi, nikaikausha kidogo kwa flashi, ile hita ya kukaushia rangi fulana ikiwa bado kwenye paleti, njano ikafuata, mpaka wa rangi na rangi safi kabisa. Nikapeleka 60 za mwanzo nikitembea kama bwana harusi. Mwenyekiti akachukua moja, akaibandika ukutani kwa viganja viwili, akamwambia mtu amshikie, akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa kulia.

"Kijana, nembo yetu imekunywa."

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, ila moyoni nilikuwa nahesabu. Katika zile 60, kumi na saba zilikuwa zimelala upande. Nyingine kidogo tu, nyingine hata kipofu angeziona. Nikazilipia kitambaa.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa makini. Kila fulana niliivalisha polepole kama mtoto mchanga, nikailinganisha mishono ya ubavuni na kingo za paleti, kulia sawa, kushoto sawa, ndipo nikashusha skrini, ile fremu ya wavu inayopitisha rangi. Kumbe ule mshono wenyewe ndio ulionidanganya. Chukua fulana ya bei ya dazeni, mpya kabisa, ishike kwa mabega mawili uiache ining'inie, halafu tazama ubavuni. Mshono wa upande mmoja unakuja mbele, wa upande wa pili unakimbilia mgongoni. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa uzi uliosokotwa, na uzi uliosokotwa unataka kujifungua, kwa hiyo vile vitanzi vyake vinalalia upande mmoja na kitambaa chote kinajikunja navyo. Fulana ya bei nzuri hupunguziwa tabia hiyo kiwandani. Hizi zetu zinakuja nayo ndani ya nailoni, na zikifuliwa ndiyo zinazidi. Sasa mimi nilikuwa nalazimisha mishono ikae sawa na paleti. Nikishaitoa fulana, kitambaa kinarudi kwenye mkao wake na nembo inakwenda nacho.

Nikahamia kwenye lebo ya shingoni. Nikachora mstari wa katikati ya paleti kwa kalamu ya wino mzito, nikasema lebo ikikaa juu ya mstari basi mambo yamekwisha. Siku mbili nikaamini hivyo. Kisha nikachukua fulana kumi, nikakunja kila moja katikati bega kwa bega, nikatazama lebo iko wapi. Nne zilikuwa zimeshonwa pembeni, upana wa kidole. Anayeshona lebo analipwa kwa idadi, simlaumu.

Pindo la chini nalo nimelijaribu. Silitaji tena.

Kinachofanya kazi ni vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni pale mshono wa bega unapokutana na ribu ya shingo, ule ukanda unaonyumbulika, kulia na kushoto. Zile nukta mbili zikikaa umbali sawa kutoka mstari wa katikati, shingo imekaa. Cha pili, na hiki ndicho kilichonifungua macho, ni makwapa. Fulana ikishavaa paleti, makwapa yananing'inia nje ya kingo, huyaoni vizuri, ila mikono inayajua. Unapitisha viganja kwenye kingo mbili kwa wakati mmoja mpaka vidole viguse ile njia panda ya mishono ya kwapa. Nimechora mstari wa pili unaokatiza paleti, nikauendeleza mpaka kwenye unene wa ubao. Kidole cha kulia kikigusa kwapa mbele ya mstari na cha kushoto nyuma yake, fulana imepinda, haina mjadala. Baada ya fulana hamsini hivi sitazami tena, nagusa tu. Chini ya shingo naacha vidole vinne kabla ya nembo kuanza, kwa watoto vitatu, na hapo sina la kuongeza.

Basi zikanyooka. Lakini kwa kunyooka huko kila moja ilikuwa inanila sekunde arobaini hadi dakika nzima, na hapo ndipo hasira ya pili ilipoanzia.

Mashine yangu ni ya mikono minne, kila mkono na paleti yake, inazunguka juu ya habu ya gurudumu la gari ambayo fundi wa kuchomelea aliniungia. Wazo la kuzungusha si jipya. Mmarekani Michael Vasilantone alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1969. Faida yake ni kwamba wakati fulana moja inapigwa rangi, nyingine inakaushwa, nyingine inavalishwa. Sasa kama kuvalisha kunachukua dakika na kupiga rangi kunachukua sekunde kumi, zile paleti tatu nyingine ni pambo. Nilikuwa na mashine ya mikono minne inayofanya kazi ya mkono mmoja.

Nikarekodi video ya mikono yangu kwa simu nikaitazama. Inachosha kuitazama. Muda mwingi haupotei kwenye kulinganisha, unapotea kwenye kufungua. Fulana mpya imebanwa kwenye nailoni miezi, mbele na mgongo vimegandana kama chapati zilizopangwa moto. Nachukua fulana, natafuta pindo, napekecha vidole, nashika tabaka mbili badala ya moja, naachia, napekecha tena, napuliza kwa mdomo. Ndiyo, napuliza kwa mdomo, video inanionyesha. Ikifunguka, kona ya paleti inanasa kitambaa, nairudisha, naanza upya.

Jumapili dada yangu mdogo akapita kula. Yeye anafanya kazi gesti, kutandika vitanda. Akanitazama nikihangaika na fulana tatu, akanawa mikono, akasema, "Kaka, wewe hujawahi kuvalisha foronya?"

Nikamwambia nimevalisha.

"Hujavalisha. Sogea."

Nilichokiona nimekirudia kichwani mara nyingi mpaka nakiota. Hakuinyanyua fulana. Aliiacha pale pale juu ya rundo, pindo limeelekea mashine, shingo imeelekea tumboni kwake, yaani mkao ule ule itakaokaa kwenye paleti. Akaingiza vidole gumba viwili tu chini ya tabaka la mbele, vile vinne vingine vikabaki juu. Akanyanyua kidogo, tabaka la mgongo likaanguka lenyewe kwa uzito wake. Akatanua mikono upana wa paleti, akaihamisha, mdomo wa fulana ukameza ncha ya ubao, na hapo hapo akageuza viganja vikatazama chini na kuvuta kuelekea katikati ya mashine, mkono huku na mkono huku, kwa mvuto mmoja. Fulana ikaingia mpaka shingo. Nadhani sekunde tano. Ilikuwa imepinda, kwa sababu habari za makwapa hazijui, lakini ilikuwa imeingia.

Akafanya ya pili. Akafanya ya tatu huku akiniuliza kama kuna pilipili.

Ya nne ikamshinda, tabaka zikagandana. Hakupekecha. Akaisukuma kando, akachukua rundo zima, akakaa kwenye ndoo, akaanza kukunja pindo la mbele la kila fulana kurudi nyuma, kiasi cha kiganja kimoja, moja baada ya nyingine, kama anayekunja kona ya ukurasa. "Foronya zikitoka kwa dobi nazifungua midomo zote kwanza," akasema. "Huwezi kufungua na kuvalisha kwa wakati mmoja, utachelewa mpaka mgeni arudi chumbani."

Hiyo ndiyo kazi yote. Midomo inafunguliwa kabla, umekaa, redio inaongea. Ukisimama kwenye mashine, gumba linakuta nafasi yake tayari.

Nimelifanyia marekebisho mawili. Moja, rundo lisizidi dazeni, kwa sababu zile kunjo zinapandiana upande mmoja na rundo linainama kama ukuta wa kuegemea. Ya kumi na tano inaporomoka na kuzivuruga zilizo chini yake. Mbili, rundo likae kwenye stuli iliyo chini kidogo ya paleti, upande wa kushoto, ncha kwa ncha. Nilijaribu kuliweka mezani nyuma yangu, kila fulana nikawa nageuka nusu duara. Dazeni tatu kiuno kikaniambia.

Sasa gundi, maana bila gundi haya yote ni bure, fulana inateleza ukinyanyua skrini. Watu wanapenda kopo la kupuliza. Sina ugomvi nao, ila chumba changu kina dirisha moja, na gundi ya kopo haikai kwenye paleti tu. Inatua sakafuni, inatua kwenye fremu, nilikohoa wiki nzima. Nimehamia gundi ya maji, naipaka kwa kadi ya plastiki, nyembamba sana, naiacha ikauke mpaka inate kama mgongo wa stika. Ikichoka kwa manyoya ya pamba, napitisha kitambaa chenye unyevu na inaamka. Kwangu fulana ishirini na kitu kabla ya kuipaka upya. Chini yake nina masking tepu pana, kwa hiyo siku ya usafi nabandua kila kitu.

Ila kuna kosa nililifanya, tena la kijinga. Baada ya "nembo imekunywa" nikaamua fulana hazitasogea tena maishani, nikapaka gundi mara tatu. Hazikusogea. Lakini kuzivalisha ikawa ni kuzibandua na kuzivuta, nikanyoosha kitambaa kuelekea shingo bila kujua, nikapiga rangi juu ya kitambaa kilichonyooshwa. Nilipoitoa ikajikunyata na lile duara la klabu likawa yai. Siku hizi fulana ikishaingia napapasa tu kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Kama kuna mkunjo, nainyanyua upande ule na kuilaza tena. Sivuti. Na gundi inatosha pale ambapo fulana inatoka kwa mkono mmoja ikinung'unika kidogo.

Paleti zangu ni plaiwudi ya milimita 18 iliyobandikwa fomaika juu, lile tabaka gumu laini la juu ya meza, sentimita 38 kwa 45. Aluminiamu ni bora, haijikunji chini ya flashi, najua, lakini bei ya paleti moja ya aluminiamu kutoka nje nanunua dazeni kadhaa za fulana. Fomaika inanitosha kwa sababu inavumilia kitambaa chenye maji. Ubao mtupu ulivimba wiki ya pili.

Kilichokuwa kinanasa ni zile kona. Nilizikata mraba kwa sababu mraba ni rahisi. Juzi nikaweka kisahani cha chai kwenye kila kona ya mbele, nikazunguka kwa penseli, nikakata kwa msumeno wa jigi na kusugua kwa msasa mpaka kingo ikawa laini kama mgongo wa kijiko. Paleti moja tu, kwa majaribio. Tofauti niliisikia mkononi kwenye fulana ya kwanza. Kitambaa hakisimami tena mlangoni. Ndiyo hiyo paleti niliyoitumia jana kwa zile dakika kumi na tatu. Tatu zilizobaki nazikata kesho, badala ya kikaushio.

Ambacho bado kinanishinda: saizi S. Upana wake unakaribia kuibana paleti ya 38, makwapa yanapanda juu ya kingo na mstari wangu hauna maana. Nimemwagiza seremala vipande viwili vya sentimita 30. Na sweta za kofia sitaki kuziona kwa sasa, mfuko wa mbele unanyanyua skrini kama mtoto amejificha chini ya shuka.

Fulana kumi na saba nilizozirudia zimepita. Mwenyekiti ameibandika tena moja ukutani, akarudi hatua zake tatu, safari hii hakuinamisha kichwa. Zimebaki 90, zinatakiwa Ijumaa. Dada amekubali kuja jioni kufungua midomo, ila ameuliza dazeni moja ni shilingi ngapi.