Siku moja na makombo ya uvimbe wa pichuitari

Saa 1 asubuhi niko maabara, vitalu vya nta, ndani yake nyama ya mgonjwa, viko kwenye barafu, saa 3 nishamaliza kukata. Watu wakisikia maabara wanajua damu na mkojo tu. Mimi nakata nyama iliyotolewa kwa mgonjwa, unene maikroni 4, yaani elfu nne za milimita, alafu naiweka kwenye kioo, ndo slaidi, naipaka rangi.

Leo ni uvimbe wa pichuitari, ile tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere. Upasuaji wake mara nyingi unapitia puani kwahiyo kinachonifikia ni makombo, ukichezea kisu nyama imeisha na hakuna nyingine. Daktari anatafuta p27, protini inayofanya kazi kama breki, inazuia seli isigawanyike ovyo. Tangu 1996 inajulikana panya wasio na p27 wanaota uvimbe wa pichuitari. Kwa binadamu jeni yake ni nadra kuharibika, mara nyingi iko salama kabisa ila protini yenyewe imepungua, ndo maana kupima jeni peke yake hakutoshi, lazima slaidi.

Penye p27 slaidi inatakiwa iwe kahawia, pasipo nayo inabaki bluu. Saa 8 natoa slaidi, bluu tupu. Simu hiyo.

"Kwahiyo p27 haipo?"

"Daktari, bado siwezi kusema."

"Si umeona haina kahawia? Andika haipo."

Nikarudi kwenye darubini nikaangalia kuta za mishipa midogo ya damu katikati ya uvimbe, zile seli za kawaida zina p27 yake, zilitakiwa ziwe kahawia, nazo bluu. Hapo rangi ndo imegoma, uvimbe haujasema kitu. Nikamweleza, akapiga tena mara mbili, sauti imepanda, na mimi miguu inauma na chakula sijagusa, lakini siandiki "haipo" kwa slaidi ambayo hata seli zenye afya hazijashika rangi. Kupima bafa, yale maji ya dawa ya kuchemshia slaidi, pH (kipimo cha uasidi) ilitakiwa 6 iko karibu na 4. Nikachanganya upya, nikachukua slaidi mbili za akiba, kuchemsha, kupoza, antibodi inayonasa p27, kuosha, kuosha tena, saa sikuziangalia tena.

Giza limeshaingia ndo nikaona kuta za mishipa kahawia safi, na kwenye uvimbe viini vya seli vichache tu, kahawia hafifu. p27 ipo, imepungua. Nikampigia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nitumie picha, na asante."

Kitalu kimebaki chembamba kama ukucha. Nimekifunika nta nikakirudisha kwenye boksi.