Mtungi Unapokunywa Maji

Septemba 2016 mtungi wa bibi ulianza kunywa maji.

"Mume wangu," aliniita asubuhi moja, kama alivyozoea kuniita tangu utoto, "ni nani anayeamka usiku kunywa maji? Jana nimeujaza mpaka shingoni."

Hakuwapo wa kuamka. Wiki zile nyumbani Masasi tulikuwa mimi na yeye tu, maana mjomba alikuwa Dar es Salaam anatibiwa goti. Mimi, yeye na Kitenge.

Kitenge alikuwa chatu wa mjomba, jike, urefu mita moja na nusu na ushee. Jina alilipata kwa yale mabaka ya kahawia mgongoni, yamepangwa kama kitambaa kilichotoka kiwandani jana. Mjomba alikuwa na kibali chake, kwa sababu Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukaa na mnyama wa porini hivihivi, na alikuwa akimpeleka shuleni ili watoto wajue si kila nyoka anastahili fimbo. Alimlea miaka minne Mikindani, hatua chache kutoka baharini. Alipostaafu akarudi Masasi kwa mama yake, na sanduku la Kitenge likaja juu ya Fuso pamoja na makabati.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, kioo mbele, waya wa nyavu juu. Ndani magazeti, bakuli la maji na gogo la mkorosho. Pembeni kilining'inia kipima unyevu cha mshale, cha mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Mjomba aliniachia daftari. Kila siku saa moja asubuhi, kabla ya chai, nisome mshale niandike. Ukishuka chini ya 50 nimpigie simu. Kule Mikindani, alisema, mshale haukuwahi kumsumbua, 65, 70, mwaka mzima.

Nikaandika. 63, 60, 61, 64. Niliona fahari na lile daftari, safu ya tarakimu zimenyooka, hakuna hata moja ya kutia shaka.

Wiki ya pili Kitenge akafifia rangi na macho yakawa kama maji yaliyooshea mchele, meupe yenye ubuluu. Hilo sikuliogopa. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, na akikaribia kujivua, majimaji huingia kati ya ngozi ya zamani na mpya, ndipo jicho linapopata ukungu. Baada ya siku chache ukungu huondoka, naye husugua pua mahali penye kukwaruza, ngozi ikaanzia mdomoni na kutoka nzima nzima, imegeuzwa ndani nje kama soksi. Niliwahi kuiona Mikindani wakati wa likizo, ngozi moja ndefu isiyo na mpasuko.

Safari hii alisugua usiku kucha, na usiku wa pili tena. Kulipokucha nikakuta vipande. Kimoja kimenasa kwenye gogo, kingine kiko majini, na mwili wake umebandikwa magamba makavu huku na huku kama rangi ya ukuta wa zamani. Karibu na ncha ya mkia ngozi ilibaki imezunguka kama pete. Jicho la kulia lilikuwa jeusi, linang'aa. La kushoto lilibaki na utando.

Nikatazama mshale: 62.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo linanikera. Nilijua ngozi isiyotoka maana yake ni ukavu, basi nikachukua jagi nikamwaga maji juu ya magazeti yote, nikafunika waya wa juu kwa nailoni. Nikalala nikiwa na amani. Asubuhi kioo kilikuwa kinatiririka, harufu ya uvundo imenipokea mlangoni, na Kitenge amejikunja juu kabisa ya gogo, anaikwepa sakafu. Nilipomwinua nikaona magamba mawili ya tumboni yameingia wekundu. Ngozi ya nyoka anayelalia maji machafu huoza, na hewa iliyofungwa yenye majimaji humtia ugonjwa wa mapafu. Yote mawili nilikuwa nimeyaandaa kwa mikono yangu, kwa usiku mmoja.

Nikampigia mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mchana umeandika ngapi?"

"Mchana hukuniagiza, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Kweli. Hilo ni kosa langu, si lako. Toa nailoni, toa magazeti, kausha sanduku. Saa nane kaangalie mshale uniambie."

Saa nane mchana mshale ulikuwa kwenye 31.

Nilisimama mbele ya sanduku nikiwa nimeshika daftari lenye tarakimu zangu zote nzuri. Zote zilikuwa za saa moja, saa ambayo hewa bado ina baridi ya alfajiri. Kile kipimo hakihesabu maji peke yake. Kinaonyesha hewa imebeba kiasi gani ukilinganisha na inachoweza kubeba kwa joto la wakati huo. Jua likipanda, hewa hupata nafasi ya kubeba zaidi, na kwa maji yaleyale mshale huporomoka. Mikindani bahari ipo karibu, inajazia kutwa. Masasi mwezi wa Septemba mvua imeshakuwa habari ya zamani, upepo unapita juu ya majani makavu na mawe ya milima yetu yaliyochomwa na jua.

Bibi alikuwa mlangoni. Chumba kile hakuwahi kuingia. Nikamweleza.

"Si nilikwambia mtungi unakunywa?" alisema. "Wakati wa kifuku najaza mara moja nakaa nao siku mbili. Sasa hivi najaza asubuhi na jioni. Hewa ina kiu, itakunywa popote."

Mtungi wa udongo haujapakwa kitu. Maji hupenya taratibu hadi nje, upepo ukayachukua, na yanayobaki yanapoa. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo yanavyochukuliwa haraka. Bibi alikuwa na kipima unyevu chake jikoni, tena alikuwa anakisoma kutwa nzima.

Jioni mjomba alipiga tena. "Chatu porini," alisema, "ukame ukija anaingia kwenye shimo la muhanga. Juu ardhi imepasuka, mle ndani kuna ubichi. Usilowanishe nyumba nzima. Mpe chumba kimoja chenye ubichi, kwingine pawe pakavu, achague mwenyewe."

Nikamwomba bibi mtungi. Alikuwa nao mmoja nyuma ya jiko, umevunjika shingo, tundu limebaki pana kama sahani. Nikausugua kingo kwa jiwe zisimkate, nikauloweka usiku kucha, nikaulaza pembeni ya sanduku. Ndani niliweka makumbi. Rafiki yangu wa Mikindani aliniletea kiroba kizima kwa basi la Mtwara, nikayachambua nyuzi, nikayalowesha, halafu nikayakamua kiganjani mpaka yakaacha kudondoka hata tone moja. Hapo ndipo penye kazi. Yakidondoka ni tope, na tope ndilo lililomwekundisha tumbo. Bakuli nikalibadilisha kwa karai pana, waya wa juu nikaufunika nusu tu. Saa nane iliyofuata nje ya mtungi nilisoma 47. Nilipokiingiza kipimo ndani, 80.

Kwa ngozi iliyobaki nilimweka ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kina kisichofika mgongoni, karibu nusu saa, mkono wangu chini ya kidevu chake. Kisha nikamwacha apite mwenyewe katikati ya taulo bichi nililolishika bila kubana. Vipande vikatoka. Pete ya mkiani ilikuwa ya mwisho, ikateleza yenyewe, nikashusha pumzi. Jicho sikuligusa. Mjomba alikuwa amenionya: ukibandua gamba la jicho lisilo tayari, unaweza kubandua na jicho.

Usiku ule nilikaa na tochi iliyozibwa kwa kidole. Alitoka kwenye gogo, akazunguka karai, akauonja mdomo wa mtungi kwa ulimi mara nyingi. Akaingia, kidogo kidogo, mpaka mkia ukapotea. Alikaa humo siku nne. Wekundu wa tumboni ulififia kabla mwezi haujaisha.

Alijivua tena mabibo yameanza kuanguka, mjomba ameshakuwa nyumbani na fimbo yake. Tulilikuta gamba ndani ya mtungi, nzima, bado bichi kidogo, laini kama karatasi ya sigara. Mjomba alilipeleka dirishani, akavaa miwani, akatafuta kichwa. Vifuniko vya macho vilikuwepo viwili, angavu, na cha kushoto kilikuwa kinene kuliko mwenzake, tabaka mbili zimeshikana.

"La zamani limetoka na hili," alisema.

Bibi alivuka kizingiti. Alisimama upande wa mbali na sanduku, akanyoosha mkono, na mjomba akamlazia lile gamba kiganjani.